Kuhamisha Mafuta ya Taa Bila Kunyonya kwa Mdomo

Mara nyingi tumeona mafuta ya taa yakitolewa katika dumu kwa mpira ulionyonywa kwa mdomo. Mwalimu hana budi kuikomesha desturi hii, kwani mafuta yakimpalia mtu huingia mapafuni, na yaweza kumwua.

Katika somo la sayansi tutumie maji. Tuweke ndoo ya maji juu ya meza, na nyingine tupu sakafuni. Tuujaze mpira maji, tuzibe ncha zote mbili kwa vidole, tutumbukize moja katika ndoo ya juu, kisha tuishushe ya pili na kuziachia. Maji yatatiririka. Hivyo wanafunzi wataona kuwa si lazima kunyonya. Yatosha mpira ujae na ndoo moja iwe chini ya nyingine.

Kwa mafuta yenyewe, mtu mzima atumie pampu ya mkono, mbali na moto. Kwanza ahakikishe kuwa mpira umekazwa penye maungio, na kwamba hewa yapata kuingia dumuni. Asiyatie katika chupa ya soda, maana mtoto atadhani ni kinywaji.

Mtoto akiyanywa, tusimtapishe. Tumpeleke hospitali mara moja.