Mama Katulia, Mtoto Je?

Aprili 1853, Malkia Victoria wa Uingereza alipokuwa akijifungua mtoto wake wa nane, Daktari John Snow alidondosha klorofomu kidogo kidogo kwenye leso, malkia akawa anaivuta. Miaka sita kabla ya hapo, James Young Simpson wa Edinburgh alikuwa ameanza kutumia dawa za namna hiyo kwa wazazi, na wapo waliompinga wakidai uchungu wa kuzaa haufai kuondolewa. Malkia alipokubali, ubishi ukapungua. Baadaye zikaja dawa kali zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Freiburg, Ujerumani, wanawake walidungwa mofini na skopolamini, wakazaa na kuamka bila kukumbuka lolote.

Kwa muda mrefu dawa hizo zilipimwa kwa mama: katulia au hajatulia? Mtoto alitazamwa kwa macho tu. Akilia, vyema. Akitoka amelegea na hapumui vizuri, kila hospitali ilikuwa na utaratibu wake, na wapo waliowekwa kando bila kusaidiwa.

Virginia Apgar hakuweza kuvumilia hali hiyo. Alizaliwa New Jersey, Marekani, mwaka 1909, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akitaka kuwa daktari wa upasuaji. Mkuu wake, Allen Whipple, alimshauri aende kwenye dawa za usingizi, fani ambayo wakati huo iliachiwa zaidi wauguzi. Akaijenga fani hiyo pale Columbia, na mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa kamili katika kitivo chake cha tiba. Kisha akahamishia nguvu zake leba.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja mwanafunzi alimuuliza mtoto mchanga apimweje, naye akachukua kikaratasi kilichokuwa karibu na kuandika mambo matano. Mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika, mtoto hupata alama 2, yakiwa chini ya hapo, 1, yasipokuwepo, 0. Vivyo hivyo kwa pumzi, kwa kukaza misuli, kwa jinsi anavyoshtuka akiguswa, na kwa rangi ya mwili. Jumla ni 10, na kipimo hufanyika dakika moja baada ya kuzaliwa. Baadaye ikaongezwa dakika ya tano. Apgar alikitangaza kipimo hicho mwaka 1952, kikachapishwa mwaka uliofuata. Hakihitaji mashine, macho, mikono na saa vinatosha.

Rangi ndiyo iliyomsumbua. Katika makala yake ya kwanza yeye mwenyewe aliandika kwamba ndiyo dalili isiyoridhisha kuliko zote. Mkunga wa Afrika Mashariki anaelewa kwa nini: kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi hutazama midomo, ulimi na viganja, na nadhani ingekuwa vyema vitabu vyote vya mafunzo viseme hivyo waziwazi.

Uzuri wa namba ni kwamba sasa dawa za mama zingeweza kulinganishwa. Waliozaliwa kwa upasuaji mama akiwa amechomwa ganzi ya mgongoni walipata alama za juu kuliko ambao mama zao walilazwa usingizi. Pamoja na Duncan Holaday na Stanley James, Apgar alipima damu ya vichanga, wakakuta kwamba wenye alama za chini wana upungufu wa oksijeni na asidi nyingi katika damu. Ilionekana pia kwamba saiklopropeni, gesi ya usingizi iliyotumika sana leba, huwalegeza watoto. Sababu ni kwamba gesi ya usingizi huingia kwenye damu ya mama na kuvuka kondo la nyuma. Ganzi ya mgongoni hukaa karibu na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto kidogo tu. Saiklopropeni ndiyo gesi aliyoipenda Apgar kuliko zote. Matokeo yalipotoka, aliachana nayo. Mtafiti wa namna hiyo ni adimu, na mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa kipimo chenyewe.

Baadaye uchunguzi wa hospitali 12 za Marekani, uliohusisha watoto 17,221, ulionyesha kwamba alama za dakika ya tano husaidia kukadiria uwezekano wa kichanga kuishi. Hazipimi akili ya mtoto, wala mzazi hana sababu ya kutaabika kwa kuona 7 kwenye kadi ya mwanawe.

Leo katika hospitali zetu ganzi ya mgongoni ni jambo la kawaida kwa mama anayefanyiwa upasuaji. Anayejifungua kawaida, hasa hospitali ya umma, mara nyingi hupita saa zote za uchungu bila dawa yoyote, ingawa Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba mwenye afya njema anayeomba kupunguziwa maumivu apewe. Ganzi ya mgongoni ya kukaa saa nyingi inahitaji mtaalamu wa usingizi na uangalizi wa karibu, na wataalamu hao ni wachache. Pethidini ni rahisi zaidi, lakini ikidungwa saa chache kabla ya mtoto kutoka, huweza kumpunguzia pumzi. Kwa hiyo mkunga huandika saa ya sindano, na huweka mfuko wa kupulizia hewa tayari mezani.