Fundi au Mtunzi? Suala la Jina katika Michezo ya Awali ya Kompyuta (1977-1983)

1. Utangulizi

Katika tenzi nyingi za Kiswahili, mtunzi hutumia beti za mwisho kutaja jina lake, tarehe ya kumaliza kazi, au idadi ya beti alizotunga. Kwa njia hiyo msomaji hujua kazi ni ya nani, na mnakili hawezi kupunguza ubeti bila kugunduliwa. Makala haya yanahusu watu walionyimwa beti hizo za mwisho, yaani waliotunga michezo ya kompyuta katika kampuni ya Atari huko California, Marekani. Tutaeleza kwanza kazi yao ilikuwa ya namna gani, kisha jinsi ugomvi juu ya jina na ujira ulivyobadili biashara yenyewe.

2. Kazi yenyewe

Mwaka 1977 Atari ilitoa mashine iliyoitwa VCS, ambayo iliunganishwa na televisheni ya nyumbani. Kila mchezo uliuzwa peke yake ndani ya kaseti ya plastiki. Kumbukumbu ya kazi ya mashine hiyo ilikuwa baiti 128 tu. Tukichukua kwamba baiti moja huhifadhi herufi moja, ubeti mmoja wa shairi la tarbia, wenye mishororo minne ya mizani 16, haungeenea humo. Kaseti nayo, katika miaka ya kwanza, haikuzidi baiti 4,096, takriban urefu wa makala haya. Kanuni za mchezo, picha na sauti, vyote vilipaswa kukaa katika nafasi hiyo.

Ugumu wa pili ulikuwa wa wakati. Mashine haikuwa na mahali pa kuhifadhi picha nzima. Picha ya televisheni ilichorwa mstari baada ya mstari, mara 60 kwa sekunde, na ilimbidi mwandishi wa programu aielekeze mashine wakati uleule mstari ulipokuwa ukichorwa. Kila mstari ulikuwa na mapigo 76 ya saa ya ndani, na kila amri ilitumia mapigo mawili au zaidi. Mshairi akibanwa na mizani ana inkisari na mazida. Mwandishi huyu hakuwa navyo. Amri ikichelewa, picha iliharibika.

Hata hivyo, ufinyu huo ulizaa ustadi. Katika Pitfall!, mchezo ambao David Crane aliutoa mwaka 1982 akiwa ameshaondoka Atari, mchezaji hupita katika sehemu 255 za msitu. Crane hakuzihifadhi moja moja. Alitunga kanuni ya hesabu, isiyofika baiti 50, iliyozalisha kila sehemu kutokana na ile iliyotangulia. Kazi yote, tangu wazo la kwanza hadi sauti ya mwisho, kwa kawaida ilikuwa ya mtu mmoja.

3. Jina lililofichwa

Atari ilikuwa imenunuliwa mwaka 1976 na Warner Communications kwa dola milioni 28. Majina ya waandishi hayakutajwa kwenye kaseti wala katika vijitabu vya maelezo. Warren Robinett, aliyetunga Adventure, hakuomba ruhusa. Alitia katika mchezo nukta ndogo mno, yenye rangi sawa na ya mahali ilipokaa. Mchezaji aliyeigundua na kuibeba hadi mahali fulani aliingia katika chumba cha siri chenye maandishi yaliyomtaja Robinett kuwa ndiye mtunzi.

Robinett aliondoka Atari mwaka 1979 bila kumwambia mtu. Siri ilifichuka baada ya kijana wa Salt Lake City kuiandikia kampuni barua. Kampuni iliona gharama ya kulifuta jina ni kubwa, ikaliacha. Tangu hapo vitu vya namna hiyo vikaitwa mayai ya Pasaka, kwa mfano wa mayai yanayofichwa ili watoto wayatafute siku ya sikukuu hiyo.

4. Ujira na soko

Waandishi wengine wanne, David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan, walipiga hesabu. Waraka wa mauzo wa kampuni uliwaonyesha kwamba michezo yao ilikuwa imeleta takriban dola milioni 60, nao walikuwa wakilipwa mshahara wa kawaida tu. Waliomba mrabaha na kutambuliwa kwa majina. Kwa mujibu wa Crane, rais wa kampuni, Ray Kassar, aliwajibu kwamba hawakuwa na umuhimu kuliko wafanyakazi waliounganisha kaseti kiwandani.

Mwaka 1979 walianzisha kampuni ya Activision pamoja na Jim Levy, mtu aliyetoka katika biashara ya muziki. Levy aliwatendea kama wanamuziki, na jina la kila mtunzi likachapishwa. Atari iliwashtaki mwaka 1980. Kesi ilimalizika kwa mapatano mwaka 1982. Kumbe mlango ulikuwa umefunguka kwa wote, hodari na walaghai. Kaseti mbovu zilifurika madukani, na mwaka 1983 soko la Marekani lilianguka. Atari yenyewe ilimpa Howard Scott Warshaw, mtunzi hodari, wiki tano tu kutunga mchezo wa E.T. Kaseti nyingi za kampuni hiyo zilizokosa wanunuzi zilizikwa mwaka 1983 huko Alamogordo, New Mexico. Zilifukuliwa mwaka 2014.

5. Tamati

Neno fundi si la dharau katika Kiswahili. Fundi mzuri huheshimiwa. Lakini fundi husifiwa kwa kufuata kielelezo, na mtunzi kwa kuleta kisichokuwapo. Watu hawa walikuwa yote mawili, nasi tunapendekeza waitwe watunzi. Swali lao linatuhusu pia sisi tunaokusanya hadithi na nyimbo kwa ajili ya tasnifu zetu. Je, jina la msimulizi tumeliandika wapi, au tumemwachia alifiche mwenyewe?