Usimsogeze Mama Mkwe

Pamba ikishauzwa na watu wa Busega wakashika fedha, harusi hufuatana kuanzia Lamadi hadi Nyashimo, na wapiga picha wa mjini nao huja na droni zao. Mwanga wanaujua, rangi wanazijua. Lakini hapa Mkula nimeshaona albamu nyingi walizotuachia ambamo mama wa bi harusi ameugeuza uso na kukaza mabega, na pembeni yake bwana harusi jasho linamtiririka. Mgeni akizifungua huuliza: huyu mama kwani hampendi mkwewe? Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno, na wengine hawaulizi, wanahukumu tu kwamba Wasukuma hawana ukarimu wa ndani ya familia. Kupiga picha za harusi katika vijiji hivi ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nitajibu.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Kijana akimwona mama mzaa mkewe anakuja njiani, huiacha njia akapita pembeni. Hali naye chakula mahali pamoja, haingii chumba anacholala, hamtaji kwa jina. Akifika kusalimia husimama mbali, akainama, na mama humjibu akiwa ametazama upande. Baba mkwe na mke wa mwanawe nao wana mipaka yao. Hakuna chuki hapo hata chembe. Utani tumewaachia babu na wajukuu, tumewaachia mashemeji. Hao wataitana majina na kunyang'anyana vyakula mpaka usiku wa manane. Mkwe ametoka ukoo mwingine, amekuja kwa makubaliano mazito, na umbali ule ndio unaozuia neno la ovyo au tendo la aibu lisije likawatenganisha watu ambao tayari wana watoto wa pamoja.

Sasa anakuja MC na kipaza sauti: “Mama mkwe, sogea umkumbatie mwanao! Makofi jamani!” Mpiga picha naye anapiga magoti mbele, “Karibianeni, karibianeni kidogo.” Ukumbi mzima unashangilia. Mama wa watu, aliyeutunza umbali huo tangu posa ilipoletwa, anasukumwa mpaka begani kwa kijana mbele ya wazee wake. Picha inayotoka hapo ndiyo ile ya uso uliogeuzwa. Halafu inawekwa kwenye fremu sebuleni, na mama huyo akija kumtembelea binti yake anakaa akiitazama aibu yake ukutani.

Mimi mama wa bi harusi namweka katikati ya dada zake. Wajomba wanasimama baada yao, kisha maharusi, kisha upande wa bwana harusi, na baba yake mwisho kabisa. Natumia lenzi pana na kurudi nyuma sana, wakati mwingine napanda juu ya jiwe, maana mawe Usukumani hayakosekani. Watu wote wanaingia kwenye picha moja, na kila mmoja yuko mahali anapoweza kusimama bila kutetemeka. Mama anacheka! Anacheka kwa sababu hakuna aliyemvunjia heshima.

Nilifundishwa hivyo na fundi aliyenipokea kazini zamani za filamu. Mkanda ulikuwa na picha 36, ukishazipiga zimekwisha, na kusafisha ilikuwa mpaka zipelekwe Mwanza. Hakuna aliyethubutu kubonyeza hovyo. Kabla ya kufungua kamera fundi wangu alikwenda kukaa na wazee wa pande zote mbili, akauliza nani ni nani, nani anatangulia, nani hakai na nani. Walimwelekeza: piga wajomba kwanza, yule bibi mlete na kiti chake, wale watenganishe. Umaskini wa ule mkanda ulitulazimisha kuuliza. Siku hizi kadi ya kamera inameza maelfu ya picha, mpiga picha anabonyeza tu, na hakuna mzee anayeulizwa chochote. Nasema hivi nikiwa na kamera hiyo hiyo ya kidijitali mkononi; siikatai. Ninachokililia ni yale mazungumzo ya kabla ya picha.

Wapiga picha wengine wanavutiwa na ustadi wa studio kubwa za mijini, au na zile picha za Unguja za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Nazistahi. Lakini mimi jicho langu limelelewa na shikome, ule moto wa jioni ambapo wazee wa kaya huota na vijana huketi kusikiliza. Nilipokuwa mdogo nilikuwa natumwa kupeleka chakula hapo, na niliona jinsi watu walivyokaa: nani karibu na moto, nani nyuma, nani anaongea huku wengine wamenyamaza. Mpaka leo nikipanga watu kwa ajili ya picha, ndiyo mpangilio ninaoutafuta.

Jambo lingine linalotuletea maneno ni bi harusi asiyecheka. “Tabasamu, bibie, leo siku yako!” Wanamshika kidevu wamwinue uso. Binti wa Kisukuma aliyefundwa anatazama chini siku ya kuondoka kwao, na machozi yakimtoka ni sifa kwa waliomlea, kwamba alikuwa na kwao pa kulilia. Mpe saa mbili, atakapokuwa na wenzake nyuma ya nyumba, utaona meno yote. Subiri hapo na kamera yako.

Nikisema hivyo sifuniki maovu. Wapo mabinti wanaolia kwa sababu wamelazimishwa, na wapo walio watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Harusi ya binti wa umri wa shule siendi, hata nilipwe ng'ombe. Chagulaga nayo, ile ya kundi la vijana kumzingira msichana njiani ili achague mmoja wao, ikifa isirudi.

Ng'ombe ndio ninaotaka kuwazungumzia. Utani wa nchi nzima ni kwamba Msukuma hununua mke, na mke akiwa mweupe bei inapanda. Siwezi kukana kwamba wapo wanaopandisha idadi kwa rangi ya ngozi. Aibu hiyo ni yetu na tuiache. Lakini anayeishia hapo hajaona kitu. Hans Cory, mwanasosiolojia wa serikali ya kikoloni, aliandika kitabu cha sheria na mila za Wasukuma kilichotoka mwaka 1953, na humo utakuta kile ambacho kila bibi wa Mkula anakijua bila kitabu: ndoa ya bukwi, iliyolipiwa mahari, watoto ni wa ukoo wa baba, ndoa ya butende, isiyolipiwa, watoto ni wa ukoo wa mama mpaka baba yao awakomboe. Ng'ombe wanaeleza mtoto ni wa nani, atarithi wapi, na nani atakayesimama siku akiumwa. Na hawakai zizini kwa baba mkwe kama faida ya biashara. Mjomba ana haki yake. Kaka wa bi harusi ataoa kwa ng'ombe wa dada yake, na kwa hiyo maisha yake yote hawezi kumfungia dada huyo mlango.

Siku ya kukagua zizi ni siku ninayoipenda kuliko siku ya kanisani. Wazee wa upande wa binti wanaingia na fimbo zao. Mtamba huyu mzuri, yule miguu mibovu, huyu dume mmetuletea amezeeka, mrudisheni. Sauti zinapanda. Mtu anatoka kwa hasira, anakwenda kusimama chini ya mti, anafuatwa, anabembelezwa, anarudi. Wanawake nyuma ya ua wanasikiliza kila neno na kupelekeana habari. Jua la saa kumi na moja likipita katikati ya pembe na vumbi, sijui mwanga mwingine wa kuupita huo, na nyuso za wazee wanaobishana zina ukweli ambao hakuna mpiga picha anayeweza kuuomba.

Siku hiyo inapotea. Siku hizi idadi ya ng'ombe inatajwa, inageuzwa kuwa shilingi, fedha inatumwa kwa simu, wazee wanasomewa ujumbe, soda zinafunguliwa. Mahari imetoka, sikatai. Lakini wale wanaume wa koo mbili hawakubishana, hawakukasirikiana wakapatana, na siku ndoa itakapoyumba watakutana kama wageni. Familia zinaniita ukumbini tu. Nikiuliza mahari inatolewa lini nije, wananijibu kwamba hayo ni mambo ya kijijini, hayana picha.

Ngoma nayo imebanwa. Bugobogobo, ngoma ya majembe iliyokuwa ikitimua vumbi uwanjani mchana kutwa, sasa inakodishwa icheze dakika chache kati ya keki na chakula, na MC anawaharakisha. Watoto wa leo hawajui kama kwao ni Bagika au Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana. Bujora, kule Kisesa, makumbusho yanahifadhi ngoma zetu, na nawashukuru. Ila ngoma iliyobaki makumbusho haiwezi kumpokea bi harusi wa Mkula.

Kuhusu keki, shampeni na sare za kamati sina la kusema. Napiga, nalipwa.

Wazazi mnaoandaa harusi msimu huu, nawaomba: kabla hamjampa mpiga picha malipo ya awali, mkalisheni na shangazi mmoja na mzee mmoja wa ukoo, wamweleze nani hasimami karibu na nani, na wamtajie siku ya kukagua ng'ombe ili awepo. Na wewe MC, mama mkwe muache pale alipokaa.