Kunguru Wahesabiwe Kwanza

Asimamaye Forodhani wakati wa magharibi huyaona makundi ya kunguru yakirejea mjini kulala. Ukimwuliza mkazi wa Mji Mkongwe ni wangapi, atakujibu: wengi. Ukimwuliza afisa, aghalabu jibu ni hilo hilo, nalo halitoshi kuongozea serikali.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Aliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Wakoloni waliona ni wepesi zaidi kuleta ndege kuliko kuzoa jaa. Kufikia mwaka 1917 walikuwa wamekwisha mtangaza kuwa mharibifu. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, hunyakua vifaranga mashambani, na kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, amemsukuma nje ya mji. Sisi tuliosoma vyuoni twakumbuka kwamba kunguru ni miongoni mwa viumbe watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haramu. Ruhusa, basi, haikukosekana.

Kilichokosekana ni daftari. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 ilifanyika kampeni ya mitego na sumu, na kunguru wakapungua sana hapa Unguja. Kampeni ikakoma, wakazaana upya. Lau wangalihesabiwa kila mwaka, ongezeko lingalionekana mapema, wakati mitego michache ingalitosha.

Wala kuhesabu si kazi ya wageni wenye darubini peke yao. Kunguru hulala pamoja, na hapo ndipo udhaifu wake. Watu wanne au watano husimama kwenye njia za kuingilia malaloni tangu saa kumi na moja jioni hadi giza, kila mmoja akiandika wanaopita upande wake tu, asije ndege mmoja akahesabiwa mara mbili. Makundi makubwa huhesabiwa kumi kumi. Mwaka wa pili kazi hurudiwa pale pale, mwezi ule ule.

Ndege wa pwani nao wana hesabu yao. Tangu mwaka 1967, kila Januari, watu katika nchi nyingi huwahesabu ndege wa majini. Huo ndio msimu wa vitwitwi waliokimbia baridi ya kaskazini, ambao maji yakitoka hutawanyika wakila ufukweni, kama pale Chwaka. Huhesabiwa maji yakijaa, kwa kuwa hapo hujikusanya pamoja. Na ni nani ajuaye saa za maji kuliko mvuvi, au kina mama wa mwani? Vivyo hivyo mkulima wa mpunga wa Cheju huwajua yangeyange wa bonde lake.

Basi masheha na walimu wa skuli waanze Januari ijayo, na daftari liwekwe katika ofisi ya wilaya. Siku fedha za sumu zitakapoombwa tena, ombi liambatane na hesabu ya kunguru, na mwaka baada ya sumu, hesabu ya waliobaki.