Harusi moja, kamera mbili: anasa au lazima?

KATIKA vikao vya harusi hapa West Nile, kuanzia Arua mjini hadi Koboko, kuna swali moja ambalo huzuka mara tu bajeti inapofika kwenye kifungu cha picha. Je, tuchukue mpiga picha mmoja au wawili? Swali hilo linaonekana dogo, lakini nimeshuhudia likichukua muda mrefu kuliko mjadala wa mahari, na wajumbe wakitoka nje wamenuniana.

Wapo wanaosema kwamba mpiga picha wa pili ni anasa ya watu wa Kampala, fedha ya kuchezea. Wapo pia wanaosema kwamba harusi haina marudio, na kilichopita bila kupigwa picha kimepita moja kwa moja. Kila upande una hoja. Kinachokosekana mara nyingi ni kuipima hoja yenyewe kabla ya kupiga kura.

Mtu mmoja ana mipaka yake

Enzi za filamu mambo yalikuwa rahisi. Mpiga picha alikuja na kamera moja na filamu mbili au tatu za picha 36 kila moja. Alijua kwamba kila akibonyeza anakula fedha, hivyo alichagua: maharusi, wazazi, keki, basi. Hakuna aliyemdai zaidi ya hapo.

Kamera za dijitali zimeifuta hesabu hiyo. Leo mpiga picha anaweza kurudi nyumbani na picha zaidi ya elfu moja. Hata hivyo, jambo moja halikubadilika. Bado anasimama mahali pamoja na kutazama upande mmoja.

Chukua mfano wa kanisani. Bibi harusi anapoingia akiwa ameshikwa mkono na baba yake, kamera humwelekea yeye. Wakati huo huo bwana harusi kule mbele ndiyo kwanza anamwona, na uso wake unasema mambo ambayo hatayasema tena siku nzima. Mwenye kamera akimgeukia bwana harusi, hatua za bibi harusi zimempita. Msikitini nako ni hivyo hivyo. Mkono wa walii na mkono wa bwana harusi hushikana kwa muda mfupi tu. Maneno yakishatamkwa, ndoa imefungwa, na mpiga picha aliyejikuta nyuma ya mgongo wa sheikh hawezi kuomba yarudiwe.

Kisha kuna suala la ajali. Kadi ya kumbukumbu huharibika, betri huisha, kamera huanguka. Kamera mbili mikononi mwa watu wawili ni kinga, kama vile dereva anavyobeba tairi la akiba.

Pamoja na hayo, si kila harusi inahitaji kamera mbili. Kama shughuli yote iko mahali pamoja, wageni ni wachache na ratiba haina haraka, mtu mmoja mwenye uzoefu anatosha, na pengine anafaa zaidi. Mpiga picha wa pili asiyejua kazi ni hasara mara mbili: unamlipa, halafu anatokea katika picha za mwenzake. Nimewahi kufunua albamu ya harusi ambayo kisogo cha mpiga picha wa pili kilikuwamo mara nyingi kuliko baba mzazi wa bwana harusi.

Funzo kutoka pwani

Ndugu zetu wa pwani walikwisha kulijibu swali hili kwa namna yao. Lamu, Mombasa na Zanzibar, shughuli za wanawake kama kupamba hufanyika wanaume wakiwa mbali. Bibi harusi hukaa mbele ya wanawake wenzake akiwa amepambwa, bila buibui, na mwanamume mwenye kamera hana nafasi hata mlangoni. Ndiyo maana huko wapo wanawake wanaoishi kwa kazi ya kupiga picha za shughuli hizo, na mara nyingi wageni huombwa waweke simu zao kando ili picha zisije zikasambaa. Anayeitwa mpiga picha wa pili huko si wa pili kwa cheo. Ni wa upande ambao yule wa kwanza hawezi kuufikia.

Koboko ina Waislamu wengi, na harusi zetu nyingi zina sura inayokaribiana na hiyo. Wanaume huenda msikitini kushuhudia nikahi, wanawake hubaki nyumbani na bibi harusi, hina, nyimbo na masufuria. Kwa kuwa fedha za harusi hukusanywa na kugawanywa na kamati zenye wanaume wengi, kamera nayo hufuata wanaume. Ukifungua albamu nyingi za kwetu utadhani harusi ni shughuli ya makanzu, na kwamba chakula kilijipika chenyewe.

Kikao cha Lurujo

Mwaka jana ukoo wetu ulikuwa na harusi ya binti wa kaka yangu. Nikahi ilipangwa kufanyika Koboko mjini, na wanawake wakae nyumbani Lurujo hadi mchana, ndipo pande zote zikutane. Kamati ilikubaliana na kijana mmoja mpiga picha kutoka Arua kwa shilingi 700,000 pamoja na albamu. Kijana huyo alikuwa mkweli. Alituambia kwamba saa nne asubuhi atakuwa msikitini, hivyo kina mama wa Lurujo wasimtegemee kabla ya saa nane. Kwa shilingi 300,000 zaidi angekuja na mwenzake wa kike mwenye kamera yake mwenyewe.

Mweka hazina, mzee tunayemheshimu sana, alikataa papo hapo. "Mwalimu," aliniambia, "laki tatu ni mbuzi wawili. Watu watakula picha?" Baadhi ya wajumbe walicheka, lakini mzee alikuwa na hoja. Mgeni akiondoka na njaa, ukoo mzima unasemwa, na hakuna aliyewahi kusemwa kwa upungufu wa picha.

Vijana nao walikuwa na lao. Walisema kila mtu siku hizi ana simu yenye kamera, kwa hiyo kina mama watajipiga wenyewe, na kama fedha ipo basi ikodiwe droni ipige picha kutoka juu. Habari ya droni ilikufa haraka, kwa sababu kuirusha Uganda kunahitaji vibali vya serikali, na wilaya yetu imepakana na Kongo na Sudan Kusini. Habari ya simu ilichukua muda zaidi, maana ni kweli simu zipo. Lakini aliyeshika simu siku ya harusi ndiye pia anayeshika mwiko na mtoto, na picha zake hubaki katika simu hiyo hadi siku itakapoibwa au kuanguka majini.

Shangazi yetu mmoja, ambaye alikuwa kimya muda wote, ndiye aliyekigeuza kikao. Hakutaja kamera hata mara moja. Aliuliza tu: "Na mama yenu, atapigwa picha na nani?"

Alimaanisha mama yangu mzazi, bibi yake bibi harusi. Miguu haimbebi tena. Msikitini asingefika, na ukumbini tulijua atakaa muda mfupi kisha arudishwe kulala. Siku yake ya harusi ingekuwa ni ile asubuhi ya Lurujo, chumbani, na mjukuu wake. Asubuhi hiyo ndiyo ambayo bajeti yetu haikuwa na kamera.

Kwetu picha si urembo

Kwa msomaji wa Mbarara au Jinja, swali la shangazi linaweza kuonekana la kawaida. Kwetu lina uzito wake. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan kwa mamia ya maelfu. Nyumba ziliporwa na kuchomwa, Koboko na Arua pia. Mimi nilivushwa mpaka nikiwa mgongoni, nikasomea Ariwara, upande wa Zaire, hadi nikawa kijana. Watu walibeba watoto, magodoro na sufuria. Sijawahi kukutana na aliyebeba albamu.

Baba yangu alifia huko uhamishoni. Picha yake iliyobaki ni moja tu, ya kitambulisho, na muhuri umepita kidevuni hadi mdomoni. Wanangu wakiniuliza babu yao alikuwa na sura gani, nawaonyesha nusu ya uso, nusu nyingine nawasimulia. Na mimi mwenyewe nasimulia niliyosimuliwa na mama. Akiondoka yeye, hakuna wa kumuuliza.

Kinachouma zaidi ni kwamba zama zile hazikukosa kamera. Wapiga picha wa serikali walimfuata Amin kila alikokwenda. Mwaka 1975, mkutano wa OAU ulipofanyika Kampala, alifunga ndoa na Sarah Kyolaba huku Yasser Arafat akiwa msimamizi wake, na dunia nzima ikapata habari. Miaka mingi baadaye negativu za wapiga picha hao, makumi ya maelfu, zilikutwa zimehifadhiwa na shirika la utangazaji la taifa, UBC, na mwaka 2019 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Kwa hiyo rais aliyeitwa wa kwetu ana picha zisizohesabika, na wazee wetu waliokimbia kwa ajili ya jina lake, wengi wao hawana hata moja.

Nilipoyasema hayo kikaoni, mweka hazina hakujibu. Naye ana kaburi upande wa pili wa mpaka. Baada ya muda alifungua daftari lake akaanza kutafuta pa kupunguza. Mbuzi hawakuguswa. Tulifuta gari moja la kukodi, tukapunguza maturubai kutoka manne hadi matatu, na kijana wa Arua akakubali laki mbili na nusu. Mzee akaandika kwa mkono wake: "mpiga picha wa kina mama". Neno "wa pili" hakulitumia.

Binti huyo alifika Lurujo asubuhi na mapema. Kina mama walimpa chai, wakamsahau, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Mama yangu alimuuliza picha zitakaa wapi. Alipoambiwa zitatumwa kwa simu, alikataa. "Simu ikizimika, nami nimezimika," alisema. "Nileteeni ya karatasi." Kati ya mamia ya picha za siku ile, zenye mama hazifiki kumi. Ndizo ambazo ndugu wote, wa Uganda na wa Kongo, waliomba nakala.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila familia itoe laki mbili na nusu. Nasema kamati isipige kura kabla ya kujibu maswali machache.

Kwanza, je, kuna mambo mawili muhimu yatakayotokea kwa wakati mmoja katika sehemu mbili? Kama yapo, mpiga picha mmoja hatoshi, hata awe hodari namna gani. Kama hayapo, fikirini tena. Kutoka Arua hadi Koboko ni takribani kilomita 55 za lami, na mtu hawezi kuwa kote kuwili. Lakini pengine ratiba ikisogezwa kwa saa mbili, mmoja atamudu, na hiyo haina gharama.

Pili, huyo wa pili ni nani? Mpiga video si mpiga picha wa pili, ana kazi yake. Msaidizi wa kubeba taa naye si mpiga picha. Ombeni kuona kazi za mtu mwenyewe, si za bosi wake, na muulize kama ana kamera yake.

Tatu, wawili hao wapangiwe kazi kwa maandishi: nani yuko wapi, saa ngapi, na ni watu gani lazima wapigwe picha. Orodha ya watu wazima wa ukoo iandikwe na mtu wa nyumbani anayewajua, kwa sababu mpiga picha hawezi kujua kwamba yule bibi aliyekaa pembeni ndiye shina la wote. Wahimizwe pia kulinganisha saa za kamera zao asubuhi, la sivyo picha zikichanganywa, keki itakatwa kabla ya nikahi.

Nne, picha zote zitakuwa za nani, na nani ataruhusiwa kuzitangaza? Kwa shughuli za wanawake hili ni jambo la heshima, na pia ni la kisheria. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha tangu mwaka 2019. Andikeni kwamba hakuna picha ya chumbani itakayowekwa mtandaoni bila idhini.

Tano, na hili ndilo husahaulika zaidi, tengeni fedha ya kusafisha picha kwenye karatasi. Familia inayolipa wapiga picha wawili na kubaki na kadi ya kumbukumbu kabatini haijanunua kitu. Kama fedha inatosha kwa kimoja tu, mpiga picha wa pili au picha 30 za karatasi, mimi ningechagua karatasi. Zikishafika, kaeni na wazee, chukueni kalamu, na nyuma ya kila picha andikeni majina, mahali na mwaka. Picha isiyo na majina, baada ya miaka 30, huwa ni picha ya wageni.