Breki kubana (mitambo ya upepo na mafuta)

Breki kubana ni hali ambapo breki ya gari au mtambo haiachii kikamilifu baada ya dereva kuondoa mguu kwenye pedali. Mafundi wengi husema breki "zimejamu". Mtambo huwa mzito kuondoka, hula dizeli nyingi, na gurudumu hupata moto na kutoa harufu ya kuungua.

Makala hii inahusu mfumo unaounganisha upepo na mafuta, unaopatikana kwenye mitambo mingi ya kupakia yenye magurudumu, kreni na malori ya uzito wa kati.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Kompresa hujaza tangi la upepo. Dereva akikanyaga pedali, vali hupeleka upepo kwenye busta. Ndani ya busta upepo husukuma pistoni, nayo husukuma mafuta ya breki hadi kwenye silinda za magurudumu. Pedali ikiachiwa, upepo hutoka nje na mafuta hurudi. Mara nyingi kuna busta mbili, moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma.

Hatari kwenye miteremko

Mji wa Mbinga, mkoani Ruvuma, uko kwenye nyanda za juu za Umatengo, zaidi ya m 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbamba Bay iko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko m 475 hivi. Mtambo unaoshuka kutoka milimani hadi ziwani hutegemea breki kwa muda mrefu. Ikiwa breki zilikuwa zinabana tangu mwanzo wa safari, huanza mteremko zikiwa tayari zina moto.

Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya sentigredi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea badala ya kusukuma pistoni za breki. Katika mfumo huu dereva huweza asitambue mapema, kwa sababu mguu wake hufungua vali ya upepo tu na pedali haibadiliki sana. Ndiyo maana taa inayoonya kwamba pistoni ya busta imekwenda mbali mno haipaswi kupuuzwa.

Kutafuta chanzo

Kwanza geji ya upepo husomwa. Kwenye mitambo mingi breki ya maegesho hufungwa na springi na kufunguliwa na upepo. Upepo ukiwa mdogo hubana yenyewe, bila hitilafu nyingine yoyote.

Kisha huangaliwa ni magurudumu gani yenye moto. Yakiwa yote, vali ya pedali hushukiwa kwanza. Yakiwa ya ekseli moja, busta yake. Likiwa moja tu, tatizo huwa karibu na gurudumu hilo.

Kabla ya kufungua chochote, mtambo huwekwa mahali tambarare, magurudumu huzuiwa kwa magogo, ndoo hushushwa chini na breki huachwa zipoe. Gurudumu linalobana huinuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi imara. Pedali hukanyagwa na kuachiwa mara kadhaa, kisha fundi, akiwa amevaa miwani ya kinga, hulegeza viungo polepole kwa mpangilio huu:

1. Bomba la upepo kati ya vali ya pedali na busta. Upepo ukitoka na gurudumu likaachia, vali hairudi, tundu lake la kutolea upepo limeziba, au pedali haina nafasi ya kucheza.
2. Bomba la mafuta linalotoka kwenye busta. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, pistoni ya busta imekwama au tundu la kurudishia mafuta limeziba.
3. Nipeli ya gurudumu. Likiachia hapa tu, mpira wa breki umevimba kwa ndani au bomba limebonyea.
4. Lisipoachia kabisa, tatizo ni la gurudumu lenyewe: pistoni yenye kutu, springi iliyokatika, au breki iliyokazwa kupita kiasi.

Utaratibu huu huzuia kununua busta mpya wakati mbovu ni mpira wa breki. Kuziba bomba la gurudumu moja ili safari iendelee hupunguza nguvu ya breki pale inapohitajika zaidi.

Kinga

Maji kwenye tangi la upepo humwagwa kila siku, hasa katika msimu wa mvua, ambao Ruvuma huanza Novemba hadi Aprili, kwa kuwa maji hayo huleta kutu kwenye vali. Mafuta huwa ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha mtambo: baadhi hutumia mafuta ya DOT, mingine mafuta ya madini. Yakichanganywa, raba za ndani huvimba na breki hubana tena. Baada ya matengenezo yoyote upande wa mafuta, hewa hutolewa kwenye mabomba na breki hujaribiwa mahali tambarare kabla ya kuanza mteremko.