Mbwa mzima akihamia kwako

Anayetaka mbwa Bariadi hupewa na jirani anayehama, au mbwa koko wa mnadani humfuata mpaka nyumbani. Nairobi kuna KSPCA, shirika la kutetea wanyama, ambako mbwa hupimwa na kuchanjwa kabla ya kupata mmiliki mpya. Hapa kazi hiyo ni yako.

Wiki ya kwanza mgeni huyu atajibanza nyuma ya banda, ugali na dagaa wa Lamadi asiguse, na akiitwa afyate mkia. Watu husema umepewa mbwa bwege, wanamtia mnyororo mchana kutwa ili azoee. Hapo ndipo anapoharibika. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia kinachomtisha, kwa hiyo hubaki na njia moja: meno. Mpe maji, kivuli, na chakula saa zilezile kutoka kwa mtu yuleyule. Wengi hutulia baada ya wiki chache. Aliyezoea kupigwa huchukua miezi.

Mkia unaotikisika si furaha kila mara. Ukilegea na kiuno kikiyumba nao, karibu. Ukisimama wima, umekakamaa na unatikisika kwa haraka, kaa mbali. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo pasipo chakula, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana: anaomba aachwe. Asiposikilizwa, hunguruma. Tafadhali usimpige kwa kunguruma. Mbwa aliyefundishwa kunyamaza hung'ata bila kuonya, na mara nyingi anayeumia ni mtoto aliyemshika akila, akilala au akinyonyesha.

Tabia ikibadilika ghafla ni jambo jingine. Mkali anakuwa mpole kupita kiasi, mpole anamrukia mwenyewe, sauti inakwaruza, taya linaning'inia, mate yanatiririka: fikiria kichaa cha mbwa. Usimguse, mwite mtaalamu wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu haunusuriki, isipokuwa kwa wachache mno duniani. Kama mbwa aliyeng'ata anaonekana mzima, asiuawe, afungiwe na kuangaliwa siku 10.

Mkoani Simiyu suala la magonjwa ya mbwa huvuka ua wa nyumba. Meatu, Itilima na Bariadi zinapakana na hifadhi za wanyamapori. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti walielekeza macho kwa mbwa wa vijiji vya kandokando. Tangu hapo vijiji hivyo vimekuwa vikifikiwa na kampeni za chanjo. Ila chanjo ya kichaa haizuii distempa. Ukienda ofisi ya mifugo uliza zote mbili, na mpeleke mbwa mapema, kabla hujamkabidhi ulinzi wa zizi.